Nilihesabu, sikupima

Jumapili, hapa Bunia, vijana walishindana kukunja vyuma vya kujengea kwa mikono, wakaniweka mwamuzi. Aliyekunja vitatu nikamtangaza mshindi. Ndipo kijana mmoja aliyekimbia vita, aliyekunja kimoja tu, akaniletea chuma chake: «Yaya, pima.»

Kilikuwa cha milimita 8. Vya mwenzake vilikuwa vya 6. Kwa urefu uleule, cha 8 kinadai zaidi ya nguvu mara mbili. Tena chake kilikuwa kifupi, na kifupi ni kigumu zaidi, maana mikono inakaa karibu-karibu. Nilirudi kusahihisha, lakini wengi walikuwa wameenda, na sabuni ya zawadi nayo. Kesho nitasema redioni kwamba nilikosea. Safari ijayo vipande vyote vitakatwa kutoka chuma kimoja, kwa urefu mmoja.