Hesabu Iliyosahau Mlima

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nimejifunza kwamba kutouliza kunaweza kumkosesha mtu mazishi ya mpendwa wake. Wenzangu wasomaji, naomba niwasimulie jinsi nilivyomponza kaka yangu kwa kalamu na karatasi.

Kaka yangu ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Nkubu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 aliuza pikipiki yake ya petroli, akachukua ya stima kwa mkopo. Aliyemshawishi ni mimi. Nilimsomea karatasi ya muuzaji: betri mbili, kila moja inabeba uniti tatu za stima, na zote mbili zikijaa pikipiki inakwenda kilomita 150. Nikampigia hesabu ya petroli na hesabu ya stima, akaona tofauti. Akacheka, akasema, "Haya msomi, nikipotea ni wewe umenipoteza."

Mwezi wa Julai mwaka uo huo, fundi aliyemfundisha kaka kazi ya gereji kule Embu aliaga dunia. Kaka alichaguliwa awe miongoni mwa wale watakaobeba jeneza. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 100. Usiku ule akaniuliza, "Itafika?" Nikamjibu papo hapo, "150 toa 110, zinabaki 40. Itafika na chenji." Akasema basi twende sote.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ninyi mnajua baridi ya Julai upande huu wa Mlima Kenya. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya majani chai. Kaka alikuwa na haraka, kwa hivyo mshale haukushuka chini ya 60 isipokuwa kwenye kona. Tukateremka Mutonga, tukapanda. Tukateremka Nithi polepole kwa sababu ya ubaya wa mteremko ule, tukapanda tena. Tulipopita Chuka niliangalia kipimo cha betri, moyo ukanidunda. Sikusema neno. Tukavuka daraja la Thuchi, tukaanza kukwea kuelekea Runyenjes. Hapo pikipiki ikalegea, ikawa inakwenda kama mzee mwenye mkongojo, kisha ikanyamaza kabisa.

Tuliisukuma hadi kwenye kibanda cha kinyozi. Juu ya vichwa vyetu nyaya za stima zilikuwa zimenyooka kwenda zake. Nilikumbuka kwamba mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako kwenye mto Tana, upande wa chini wa Embu hiyo hiyo. Tulikuwa jirani ya mabwawa ya stima, na sisi hatuna hata ya kuwasha taa. Kinyozi, Mungu ambariki, alituruhusu tuchomeke chaja yetu tukamlipa pesa za tokeni. Wazee waliokuwa hapo wakatikisa vichwa. "Hizi za stima haziwezi baridi ya mlima," mmoja akasema. Tukangoja zaidi ya saa mbili.

Tulipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Vijana walikuwa wanafuta majembe. Kaka alichukua udongo kiganjani, akaumwaga juu ya ule mwingine, akasimama pale kwa muda. Hakunigombeza. Jioni, tukiwa tunangoja betri zijae ili turudi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hesabu yako ilisahau nini?" Heri angenizaba kofi.

Swali hilo nililibeba hadi shuleni. Mwanzoni nilitaka kuisingizia baridi kama wale wazee. Mwalimu wetu wa Fizikia akaniambia nisitafute wa kulaumu, nitafute nguvu ilikokwenda. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, baridi kweli ina lawama yake. Betri za lithiamu hufanya kazi kwa kemia, na kemia huzubaa ikipigwa na baridi. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari ya stima katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Bila kuwasha kipasha joto, mwendo wa magari yale ulipungua kwa asilimia 12. Walipowasha kipasha joto, ulipungua kwa asilimia 41! Yaani mlaji mkubwa ni kule kumpasha dereva joto. Injini ya petroli hupoteza joto jingi, basi dereva wake huota moto wa bure. Gari la stima halina joto la kutupa, hivyo joto hutoka kwenye betri ile ile inayozungusha magurudumu. Ndiyo maana Januari 2024, baridi kali ilipouvamia mji wa Chicago, magari ya stima yalipanga foleni kwenye vituo vya chaji. Lakini sisi, hata na ukungu wetu, hatukuwa karibu na sifuri, na pikipiki haina kipasha joto. Baridi ilidokoa kidogo tu.

Pili ni upepo. Nguvu ya upepo unaokupinga hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukienda 60 badala ya 40, upepo unakupinga mara 2.25. Haraka yetu ya kuwahi ndiyo iliyotuchelewesha.

Tatu ni mlima, na hapa ndipo nilipoona aibu, kwa maana hesabu yake tunaijua sote. Pikipiki, kaka, mimi na mzigo tulikuwa kama kilo 260. Kupanda mita 100 kwenda juu ni 260 mara 10 mara 100, yaani jouli 260,000. Uniti moja ya stima ni jouli 3,600,000, hivyo hiyo ni karibu uniti 0.07. Kwa karatasi ya muuzaji, kilomita moja hula uniti 0.04. Kwa hivyo kila mita 100 tulizokwea zilimeza stima ya karibu kilomita mbili, kabla ya kuhesabu ile inayopotea ndani ya mota. Na tulipoteremka hatukurudishiwa, maana breki ziligeuza nguvu ile kuwa joto likapotelea hewani. Sasa hesabu mwenyewe mabonde yaliyoko kati ya Nkubu na Embu.

Karatasi ile haikusema uongo. Ilizungumza juu ya mtu mmoja, kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa taratibu. Mimi nilichukua safari ya mtu mwingine nikampa kaka yangu kama yake. Sikuuliza kilomita zile 150 zilipimwa wapi, wala na nani, wala kwa mwendo gani.

Nilimwonyesha kaka daftari langu. Alilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, halafu akasema, "Kumbe ni mlima." Siku hizi betri hulala ndani ya nyumba, si kibandani kwenye baridi. Akipata abiria wa mbali huenda pole pole, na hapiti Chuka bila kutia chaji. Mkopo bado anaulipa, na bado anasema stima ni nafuu kuliko petroli.

Lakini kuna jeneza moja ambalo hakulibeba, na hilo hakuna hesabu ya kulirudisha. Wenzangu, tunapofundishwa fomula darasani tusiziache kwenye daftari tukingoja mtihani. Na mtu wa nyumbani akikuuliza, "Itafika?", usione haya kumwambia, "Ngoja kwanza niulize."