Kwa Miguu hadi Namugongo

Masika ya 2024 Ziwa Victoria lilifura, na sisi wa Budalang'i, Kenya, kule Mto Nzoia unakoingia ziwani, tukahamia viwanja vya shule na magodoro yetu. Mahindi yangu yalibaki vilele tu juu ya maji. Nikauza mbuzi mmoja tupate unga. Wa pili akafa. Ndipo jumuiya yetu ilipotangaza hija ya kwenda kwa mashahidi wa Namugongo, karibu na Kampala, Uganda, nami nikainua mkono. Jirani akaniuliza, "Mama, huna hata pa kulala, unakwenda kuhiji nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nimechoka kutazama maji.

Tulivukia Busia, bendera ya parokia ikitangulia. Kutoka mpakani hadi Kampala ni karibu kilomita 200, barabara ya malori inayopita Bugiri, Iganga, Jinja na Mukono. Tuliondoka alfajiri mbichi, rozari mkononi, na jua likikaza tukajibanza chini ya miembe. Usiku tulilala kwenye mikeka katika makanisa ya njiani, wanawake upande huu, wanaume upande ule.

Kabla hatujafika Bugiri nyayo zangu zilikuwa zimejaa malengelenge. Mjane mmoja wa kwaya yetu alinikalisha kando ya barabara, akapitisha sindano yenye uzi katika lengelenge, akauacha uzi humo ili maji yachuruzike, kisha akanifunga kitambaa. Muda wote huo alikuwa anaimba. Nyumba yake ilikuwa imezama kabla ya yangu. Nikamwambia, "Mama, unawezaje kuimba na nyumba imo majini?" Akakata uzi kwa meno, akanijibu, "Nyumba ndiyo iliyozama. Sauti ninayo."

Iganga ina Waislamu wengi. Karibu na msikiti mmoja, mzee wa kofia alitusimamisha, akaita wajukuu zake walete dumu la maji na sinia la viazi vitamu. "Kuleni, wageni wa Mungu," akasema, "na mkifika mtuombee nasi." Kwao nako mvua ilikuwa imeozesha maharage. Tulikula tumesimama, na tulipoagana baadhi yetu walikuwa wanalia. Tangu mafuriko nilikuwa mtu wa kupokea misaada na kuandikwa majina. Pale nilikuwa mgeni, tena mgeni aliyeagizwa kitu: kumwombea mwenyeji wake.

Tulivuka Nile pale Jinja tukiwa tumelowa, tukaingia msitu wa Mabira. Katekista akatukumbusha kwamba Paulo alikuwa kifungoni alipowahimiza Wafilipi wafurahi. Kauli hiyo nilikuwa nimeisikia kanisani miaka yote. Safari hii niliisikia miguu ikiniuma, nikaiamini.

Namugongo palikuwa mahali pa kuulia watu. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, Karoli Lwanga na wenzake, wengi wao vijana waliotumikia ikulu, walichomwa moto hapo kwa kukataa kuikana imani. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka ipatayo 14. Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja. Mashahidi wanaokumbukwa kwa jumla ni 45, na Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Kanisa kuu la pale limejengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, nalo lina nguzo 22. Miaka kama kumi kabla yao, enzi za Kabaka Muteesa, Waislamu nao waliuawa Namugongo kwa ajili ya dini yao. Nilipolijua hilo nilimkumbuka mzee wa Iganga, nikalitimiza agizo lake.

Sikukuu ya mashahidi hao ni ngoma, vigelegele na umati usioonekana mwisho: Wakongo, Watanzania, Wanyarwanda, kila kundi na wimbo wake. Watu wanachota maji ya pale kwenye chupa wawapelekee wagonjwa nyumbani. Hakuna aliyejifanya kwamba moto ule haukuwaka. Wanausimulia wote, pamoja na kuni na mikeka ya matete waliyofungiwa vijana wale, kisha wanacheza.

Nilirudi nikakuta maji bado yamekalia shamba. Nyumba yangu niliijenga upya baadaye sana, tena kwa kukopa. Kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba imani hukausha mafuriko. Ninachokijua ni kwamba furaha ya Kikristo haingoji shida iishe, na mara nyingi huletwa na mtu mwingine mwenye shida zake. Ndugu msomaji, ukiwa umeelemewa, usikae peke yako ukingoja moyo uchangamke. Tafuta wanaoimba, uingie katikati yao hata kama huna sauti. Na kama sauti unayo, mtazame aliye kando ya barabara, umfunge mguu.