Sehemu ya 6: Mtoto aliyejibu "a" kila mara

Juzi niliwaahidi habari ya masikio. Leo naileta, ila naomba msinihukumu mapema, maana mwenye kosa humu ndani ni nesi mwenyewe.

Kwa wageni: mimi ni nesi wa Tanga, nimemfuata mume Japani, tunaishi mji mmoja si mbali na Nagoya. Huku siwezi kufanya unesi mpaka nifaulu mtihani wao, kwa hiyo nahudumia wazee kwenye kituo cha mchana. Asubuhi wanaletwa na gari, wanaogeshwa, wanakula, wanacheza, jioni wanarudishwa makwao.

Sasa kuna mchezo wao mmoja. Anayeongoza anataja silabi, mathalani "sa", na kila mmoja anatafuta wimbo unaoanza na "sa". Mmoja anasema Sakura Sakura, mwingine Sanpo, ule wa filamu ya Totoro ya mwaka 1988, wajukuu wao ndio wamewafundisha. Atakayekosa anashikishwa maiki aimbe karaoke. Adhabu gani hiyo, wengine wanakosa makusudi! Na msishangae wazee kupenda maiki, karaoke ni ya kwao. Mashine mojawapo ya mwanzo kabisa ilitengenezwa na Inoue Daisuke pale Kobe, mwaka 1971. Zamani kwenye vyumba vya karaoke kulikuwa na vitabu vinene vya nyimbo, vimepangwa kwa silabi hivihivi, a, i, u, e, o, halafu ka, ki, ku, ke, ko. Mtu aliyezoea kupekua kile kitabu, nyimbo kichwani mwake zimeshajipanga kwa mistari.

Ugomvi hauishi lakini. Je, tunahesabu jina la wimbo au sauti ya kwanza inayoimbwa? Akatombo jina lake linaanza na "a", ila ukiuimba mdomo unaanza na "yu". Furusato unauanzia na "u". Wazee wetu wengi wanataka ile inayoimbwa, na nadhani wana haki. Kuna bibi pale hakumbuki kama amekula mchana, lakini mpe "u" uone, atamaliza Furusato beti zote huku analia.

Watoto nao wana wa kwao, shiritori. Unachukua silabi ya mwisho ya neno la mwenzio unaanzia neno lako, na ukitaja neno linaloishia na "n" umeshindwa. Nimejaribu kwa Kiswahili nyumbani. Haufiki mwisho! Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, tulicheza mpaka ugali ukapoa. Wale mliokua mnaongea kinyume, nyumba mnaiita mbanyu ili wakubwa wasielewe, mnajua utamu wa kuchezea silabi. Na mtoto anayeweza kuzikata silabi mdomoni, kusoma hakumsumbui sana baadaye.

Turudi kwenye lililonipata.

Mwaka juzi tarehe 7 Julai ilikuwa Tanabata, siku watu wanaandika maombi kwenye vikaratasi na kuvitundika kwenye mianzi. Kituoni tukaruhusiwa kuleta watoto. Kijana wangu alikuwa na miaka minne, anajua nyimbo za chekechea kama maji. Kuongea kwake ndiko kulikuwa nyuma kidogo. Samaki "amaki", kasa "asa". Kila mtu alinipa sababu. Majirani walisema lugha mbili zinamchanganya. Mama mkwe kwenye simu akasema wavulana huchelewa. Mimi nikasema ulimi bado mzito. Nesi mzima, miaka tisa wodini, nimejiridhisha hivyo.

Aliyeongoza mchezo siku hiyo ni bibi mmoja mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Wote tunamwita Sensei. Joto lilikuwa kali, anajipepea na upepeo wa mkono, na kila akitaja silabi upepeo uko mbele ya mdomo. Akasema "ka". Mwanangu akaruka, "Aiai!" Ule wimbo wa nyani. Wazee wakacheka, wakampigia makofi. Akasema "sa". Mtoto akajibu Anpanman no Maachi. "Ha." Aiai tena. Wakaanza kumwita Bwana A. Nami nacheka, tena nimetoa simu nachukua video.

Sensei hakucheka. Akasema "ki". Mtoto akajibu Inu no Omawarisan, wimbo wa mbwa askari. Hapo mama zangu hebu tulieni muone alichokiona mwalimu. Ka, sa, ha, zote kwake ni "a". Ki ni "i". Irabu anaipata, konsonanti inapotelea njiani. Sensei akashusha upepeo, akamsogelea, akamtazama usoni akasema "ka" taratibu. Mtoto akajibu Kaeru no Uta, wimbo wa vyura, sawasawa kabisa. Upepeo ukarudi mdomoni, "ka", mtoto akaanza kuangalia nyuso zetu, kila mmoja, anatafuta jibu.

Bibi akanigeukia, akaniambia kwa adabu yao ile ya kuinamisha kichwa, eti samahani kwa kuingilia, lakini huyu mtoto anasikia kwa macho.

Nilikwenda chooni nikalia.

Kwa nini nililia? Huku mtoto akifika miaka mitatu kuna uchunguzi wa afya, na kabla hujaenda unatumiwa karatasi ya picha ili umpime masikio nyumbani. Mbwa, viatu, mwavuli, tembo, paka, kiti. Unakaa naye kama mita 1, unaficha mdomo, unanong'ona jina mara moja, naye anaonyesha picha. Kazi ya dakika tano. Mimi niliifanya usiku, nimetoka kazini, miguu imevimba. Mdomo sikuficha. Aliposita nilirudia, na kwa sauti. Nikaweka alama kwamba anasikia, nikatia karatasi kwenye bahasha. Hakuna aliyenidanganya, nilijidanganya kwa kalamu yangu.

Daktari wa masikio, pua na koo alimtazama siku nne baadaye. Majimaji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Mtoto hana maumivu, hana homa, usaha hautoki, ndiyo maana haonekani mgonjwa. Ni kama kusikiliza watu ukiwa umezamisha kichwa kwenye ndoo. Irabu zina nguvu zinapenya, sauti nyepesi kama s, k, f na h zinafifia. Nikamuuliza, je, yalikuwepo tangu ile karatasi? Akasema haiwezekani kujua, majimaji haya huja na kuondoka na mafua. Alikuwa ananifariji. Hayajanifariji sana mpaka leo.

Kwa watoto wengi yanakauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo tukasubiri. Ya kwetu hayakukauka. Akapewa nusu kaputi, akawekewa mirija midogo kwenye ngoma za masikio, jioni tukarudi nyumbani. Siku iliyofuata akaja kunishtaki kwamba choo kina kelele.

Sasa nyie mlioko nyumbani, karatasi ya picha hamhitaji. Weka mezani kijiko, kiatu, sufuria, ufunguo, vitu anavyovijua kwa jina. Kaa mita moja, TV izimwe, ficha mdomo na kipande cha karatasi, nong'ona mara moja tu. Usirudie kwa huruma kama mimi. Au chezeni nyimbo: "Nipe wimbo unaoanza na ma", huku umempa mgongo. Akikosa mara moja si kitu, watoto wana akili zao. Akikosa mara kwa mara unapoficha mdomo na kupata unapomwangalia, mpeleke hospitali apimwe. Hivyo hivyo kama anaongeza sauti ya TV, anauliza "nini?" kila saa, anakoroma na kuhema kwa mdomo, au ana mafua yasiyoisha. Kipimo chako hakimalizi kazi ya hospitali, hata akikipita na wewe moyo haujatulia nenda. Na akifikisha mwaka na nusu hana neno hata moja, tafadhali usikae kungoja eti ni mvulana.

Mafuta ya moto sikioni, hapana. Pamba za vijiti, hapana. Majimaji haya yako nyuma ya ngoma, hufikii kwa kijiti, utaitoboa tu. Na kuhusu lugha mbili, mliniuliza wengi wiki ile: haziharibu masikio wala hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Mimi nimeendelea na Kiswahili nyumbani, tena kwa mdomo mpana zaidi.

Mwezi uliopita nilimrudisha kituoni. Sensei amepungua sana, jina langu ananiuliza kila siku, ila Bwana A alimkumbuka. Akachukua upepeo, akaficha mdomo, "ka". Kaeru no Uta. "Sa." Sakura Sakura. "Ki." Kijana akafikiri, akajibu Aiai. Nikashtuka, moyo ukanidunda. Sensei akamuuliza, hiyo ni ki? Akasema hapana, ila naupenda.

Bibi naye akanigeuzia kibao, anataka wimbo wa Kiswahili unaoanza na "ka". Ma nilikuwa nayo, Malaika. U nilikuwa nayo, Ukuti Ukuti. Ka ikanigomea, nikashikishwa maiki. Ananidai mpaka Jumanne. Wenye nyimbo za kwao za kubembelezea watoto, zinazoanza na "ka", niandikieni hapo chini.