Nyasi Zisizo na Tumbo

Utotoni kwetu Ngamiani, Tanga, nilikuwa naamshwa na ufagio wa chelewa. Kwaru, kwaru, kwaru, kuanzia mlango wa jikoni hadi chini ya mwembe. Mama alitangulia na kata ya maji, akinyunyiza kwa vidole ili vumbi lisipande, kisha akafagia akirudi kinyumenyume asiache nyayo. Akimaliza, mchanga una mistari kama kichwa kilichotoka kuchanwa, na kuku wa kwanza kuukanyaga alikiona.

Hakuna aliyeuliza uwanja ufagiwe mara ngapi. Kukicha unafagiwa. Lakini kazi ya Mama, naona sasa, ilikuwa nusu. Nusu ya pili uwanja wenyewe uliimaliza. Maji ya samaki yalimwagwa palepale, na kufika alasiri shombo limekwisha. Mtoto akijikojolea, mtu anasukumia mchanga kwa mguu. Mchanga unakunywa, jua linakausha, wadudu wanamalizia. Uwanja ule ulikuwa na tumbo.

Nimekuja kuishi Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye ua wa nyuma wa mita 4 kwa 5, umezungukwa na ukuta. Tulipanda ukoka mara mbili. Wa kwanza uliuawa na maji ya kisima, yana chumvi ya kuonjeka. Wa pili na miguu ya watoto. Nikachoka, nikamwaga zege, likawa linawaka kama kikaango. Mwaka 2021 nikanunua nyasi bandia, zile za urefu wa milimita 35, zinakuja zimeviringishwa kama mkeka. Muuzaji akanihakikishia: “Hizi, bosi, unatandika unasahau.”

Ningejua zilikotoka nisingemwamini. Nyasi hizi zilipata umaarufu kule Houston, Marekani, kwenye uwanja wa besiboli wenye paa, Astrodome. Ulifunguliwa 1965 ukiwa na nyasi za kweli. Mwanga uliopenya paa ukawa unawapofusha wachezaji, paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa. Mwaka 1966 wakatandika za plastiki. Na watunza uwanja, wamevaa kama wanaanga, wakawa wanapita juu yake na mashine za kufyonza uchafu. Yaani nyasi za kusahauliwa zilizaliwa pamoja na mfagiaji wao.

Miezi mitatu ya kwanza tulizisahau kweli. Watoto walijigaragaza, wageni walivua viatu. Halafu kiangazi kikaingia, na mchana mmoja mke wangu akasimama mlangoni kaziba pua. “Baba watoto, hiki kinachonuka ni nini?”

Alikuwa paka. Si wetu, wa mtaa. Fundi aliyezitandika alimwaga mchanga katikati ya nyuzi ili zisimame, na kwa paka huo ni mchanga tu, tena kaandaliwa. Mkojo ukikaa, bakteria wanaugeuza kuwa amonia, na jua la saa saba linaipandisha hadi chumbani. Hapo nikafanya ujinga: nikamwaga klorini, ile tunayong’arishia mashati ya shule. Klorini ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu. Nilikohoa hadi machozi, na pale nilipomwaga pamepauka mpaka leo. Wiki iliyofuata nikaja na reki ya chuma, nikazing’oa nyuzi kama anayenyonyoa kuku. Jioni tukawa tunabishana: mke wangu anataka zioshwe kila siku, mimi nasema kila mwezi inatosha.

Kisha Mama akaja kututembelea. Alitoka uani pekupeku saa sita mchana, akaruka. “Mwanangu, hili jamvi mnalipika?” Sikuwa na jibu; plastiki ikipigwa na jua kali hupita nyuzijoto 60.

Alfajiri ya pili nikaisikia: kwaru, kwaru. Chelewa sijui kaitoa wapi. Alikuwa anafagia kinyume na nyasi zilivyolala, nazo zilikuwa zinasimama. Alipofika kwenye kona ya paka hakusema kitu. Akachota maji kwa kopo, akamwaga, akachuchumaa kuyaangalia. Hayakwenda popote. Yalikaa juu ya nyasi yaking’aa, na kipande cha jani kikielea katikati.

“Maji yako yanapita wapi?” akauliza.

Tuliifunua kona. Mgongo wa nyasi hizi una matundu madogo, ya kuingia punje ya dengu, ndiyo njia ya maji. Yetu yalikuwa yamezibwa. Fundi alitumia mchanga wa ujenzi, wenye udongo, nao ulishikamana kama plasta. Chini yake zege lilikuwa tambarare kabisa, halina mwinamo hata wa kuteremsha machozi, na juu ya zege kulikuwa na ute mweusi. Harufu yake siielezi, huenda unasoma huku unakula. Kwa hiyo kila nilipomwaga ndoo ya maji nikijisifu kwamba nimesafisha, nilikuwa nauongezea supu mkojo wa paka. Ikabidi zege lirudiwe kwa mwinamo wa kuelekea mfereji, na ule mchanga tukautoa wote, tukaweka wa chenga uliooshwa.

Tangu hapo ratiba inapangwa na vinavyoanguka. Mkojo hausubiri Jumamosi: unamwagiwa maji mengi siku hiyohiyo, na harufu ikigoma, siki iliyozimuliwa. Vumbi la Julai na Agosti, mwembe wa jirani ukiwa umechanua na kutumwagia maua yake yote, linafagiwa kila siku mbili tatu na kusuuzwa kila wiki. Masika mvua inasuuza yenyewe, ila inaacha utelezi wa kijani kwenye kivuli cha ukuta, na huo unataka brashi ngumu ya plastiki na kiuno. Maji ya kusuuzia ni ya bomba, yakiwepo. Ya kisima yakikauka yanaacha unga mweupe wa chumvi kwenye ncha, utadhani nyasi zina mba.

Kuna kisichofagika. Idi moja tuliweka jiko la mkaa pembeni ya nyasi, nikawa napepea mishkaki, cheche ya kaa ikaruka. Ukubwa wa punje ya mahindi tu. Ikazama taratibu, nyuzi zikajikunja kuizunguka kama kope za jicho linalofumba, pakabaki tundu la kuingia kidole. Cheche hiyo ingeangukia uwanja wa Ngamiani, asubuhi ingefagiwa pamoja na majani. Nimeweka chungu cha mrehani juu ya tundu.

Mama alirudi Tanga, chelewa yake kaiacha nyuma ya mlango. Siku hizi nafagia mimi, kabla sijaenda kazini, kinyume na zilivyolala. Paka huwa yuko juu ya ukuta, kakunja mikono, ananisubiri nimalize.