Dada kanituma shule
Juzi dada yangu kanituma shuleni kwa mwanawe, darasa la kwanza; wazazi wameitwa waone watoto wanavyojifunza. Yeye eti yuko bize na genge lake la nyanya. Haya, nikajibana kwenye dawati, magoti kidevuni. Watoto wakajumlisha kwa vizibo vya soda, mikono mbio kama makonda wa daladala. Halafu dogo akasoma sentensi nne bila kukwama, akageuka mlangoni kumtafuta mama yake. Wapi! Nikapiga makofi peke yangu.

Jioni nikamvaa dada. Akanong'ona: "Niliogopa wataniambia na mimi nisome." Jamani, dada aliishia la tatu mwaka 1999, ada ilimshinda baba. Ikafutwa 2001, yeye keshazoea kuuza.

Usiku nikawakuta wameinamia daftari.

"Mama, hapo umeruka herufi."