Thredi 26

Kuna neno moja utaambiwa katika kila duka la spea za baiskeli, tena kwa nia njema: "Hii ni saizi moja, itaingia tu." Kuingia itaingia. Uliza inaingia hadi wapi.

Black Mamba ya babu ni Raleigh iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Alibebea watu mpakani Busia, enzi ambazo boda boda ilikuwa baiskeli. Leo binamu yangu anabebea maziwa kila alfajiri. Isipotoka, maziwa yanaharibika na karo ya watoto inangoja. Kwa hivyo kranki ilipoanza kucheza na kulia kro, kro, hakuna aliyekuwa na muda wa kuongea mambo ya kumbukumbu za familia. Hiyo ni unga ilikuwa inalia.

Mikono ya pedeli imeshikwa na ekseli, na ekseli inazunguka juu ya gololi ndani ya vikombe viwili vya chuma vilivyofungwa kwenye fremu kwa thredi. Baiskeli nyingi za Kiingereza zina thredi 24 kwa inchi. Raleigh za zamani zina 26. Upana wa vikombe unakaribiana sana, na mtego ndio huo: kile cha 24 kinakubali mizunguko kadhaa, halafu kinakwama. Fundi mwenye haraka anaongeza nguvu, na kikombe kinakula thredi za fremu. Kikombe utanunua kingine. Fremu ya babu utaitoa wapi?

Fundi wetu hakuwa na haraka. Kikombe cha kulia alikifungua kwa kukizungusha mshale wa saa unakoelekea, maana upande huo hufunguka kinyume na ulivyozoea. Akaweka rula juu yake, akahesabu mistari kwa ukucha. 26. Akaviosha vyote viwili kwa mafuta taa, akavimulika kwa tochi ya simu. Ndani laini, hakuna vishimo. Vikarudi kazini.

Alichobadilisha ni ekseli, baada ya kuilaza mpya kando ya ile kuukuu na kulinganisha urefu na mahali gololi zinapokaa. Akaweka gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande, na kotapini mbili za milimita 9.5.

"Za 9 ziko kibao," akasema, "lakini hapa zitacheza kama jino bovu."

Akazigonga zikitazama pande tofauti, nati moja juu, nyingine chini, ndio pedeli zikae mstari mmoja.

Sisi wa mjini tumezoea kuambiwa model hiyo iliisha, nunua mpya. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingine ni kwamba hakuna aliyejisumbua kupima.

Kwa hivyo kama kwenu kuna Black Mamba ya mzee, usiende dukani na jina lake tu. Nenda na kikombe chenyewe mfukoni, na rula.