Tondozi na Fomu

Walimu wa fasihi simulizi walitufundisha kwamba tondozi ni utungo wa kusifia kitu: ng'ombe, mti, mtu, hata chombo. Majigambo ni pale mtu anapojisifia mwenyewe. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukaendelea na maisha. Mimi nilikuja kuzikuta tanzu hizo mbili zikiwa hai kabisa, tena zina bei ya dola, katika katalogi za vipuri vya pikapu hapa Texas. Humo kila kipuri ni simba. Klachi haichoki, chuma hakipindi, na mnunuzi anaahidiwa kwamba wenzake wataishia kuona taa zake za nyuma.

Sikuingia huko kwa mapenzi ya magari. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye unayekula kwa maneno? Njoo unisomee haya. Kila mmoja anasema cha kwake ndiyo bora, na hela niliyonayo ni ya kununua mara moja tu."

Mjomba ana Dodge Ram 3500 ya mwaka 2005, yenye injini ya Cummins ya dizeli, lita 5.9, na giaboksi ya oto iitwayo 48RE. Kwa gari hilo anavuta tela lenye magari ya watu kutoka Houston hadi Denver. Ndilo lililomjengea nyumba Korogwe. Ndilo pia lililobaki kuwa lugha kati yake na mwanawe. Binamu yangu ana miaka ishirini, na kwa muda mrefu baba na mwana walikuwa hawana la kuzungumza mezani isipokuwa hiyo pikapu. Baba anaiita kazi. Kijana anaipeleka uwanjani Jumamosi kushindana mbio fupi za kwenda moja kwa moja. Yeye ndiye aliyeibadilishia programu ya kompyuta na kuifunga tabo kubwa zaidi. Baba alinung'unika, lakini alilipa.

Kilichokuwa kinakufa ni konveta. Kwa msomaji ambaye gari kwake ni usukani na mafuta, nieleze kama nilivyoelezwa. Gari la manyuo lina klachi inayokanyagwa na mguu. Gari la oto halina. Badala yake, kati ya injini na giaboksi kuna dude la mviringo, nene katikati, limejaa oili. Mjomba alisema: "Chukua feni mbili, zitazamanishe. Washa moja. Upepo wake utaizungusha ile nyingine, ingawa haijachomekwa kwenye umeme. Sasa badala ya upepo weka oili, halafu zifungie zote ndani ya chungu cha chuma." Feni ya kwanza imeshikana na injini, ya pili na giaboksi. Katikati kuna ya tatu, ndogo, inaitwa stata. Hiyo huigeuza oili inayorudi ili isaidie badala ya kupinga. Kwa hila ya stata, gari linapoanza kuondoka, konveta inaweza kuongeza nguvu ya kuzungusha, yaani toki, hadi karibu mara mbili.

Aliyebuni mpango huu hakuwa na habari na pikapu. Hermann Föttinger alikuwa mhandisi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, wakati huo ukiwa mji wa Ujerumani, na hataza yake ni ya mwaka 1905. Tatizo lake lilikuwa la majini: turbini ya mvuke inataka kuzunguka kwa kasi kubwa, rafadha ya meli inataka kuzunguka polepole. Alitafuta namna ya kuwapatanisha wawili wasiokubaliana kasi, bila chuma kugusa chuma. Oili ndiyo ikawa msuluhishi.

Ila msuluhishi huyu hafanyi kazi bure. Ile feni ya pili huwa inachelewa kidogo nyuma ya ya kwanza, na tofauti hiyo inageuka joto. Ndiyo maana baadaye watu wakaweka klachi ndani ya konveta yenyewe, ya kuzifunga feni mbili ziende kama kitu kimoja gari likishashika mwendo. Packard walikuwa nayo kwenye magari yao tangu 1949. Mafundi huiita loki. Katika Ram ya mjomba loki ya kiwandani ina sahani moja ya msuguano. Iliwekewa injini ya nguvu za farasi 325. Baada ya tabo mpya na programu mpya, sahani hiyo ilikuwa inaombwa kushika kitu ambacho haikuumbiwa.

Na ilikuwa inakataa mahali pabaya kuliko pote. Njia ya mjomba inapita Raton Pass, kwenye mpaka wa New Mexico na Colorado, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya mlima, tela limejaa, loki ilianza kuteleza. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, mwendo ukabaki palepale, joto la oili likaanza kupaa. Alipaki pembeni akasubiri lipoe, malori yakimpita. Alinisimulia kwa sauti ya chini. "Giaboksi ikiungua kule," alisema, "sijaunguza chuma. Nimeunguza miezi."

Basi nikakaa na katalogi zile. Nilichogundua mapema ni kwamba namba inayosifiwa kuliko zote ndiyo isiyosimama peke yake. Wanaiita stoli: ni kasi ambayo injini inafikia ukiikandamiza mafuta huku gari limezuiwa lisiondoke. Konveta yenye stoli ya juu inaiacha injini ipandishe mizunguko haraka, tabo inaamka, gari linachomoka. Yenye stoli ya chini inashika mapema, haipotezi sana, haichemshi oili. Kwenye dizeli kama ya mjomba, ya kuvutia mizigo huwa karibu na mizunguko 1,800 kwa dakika. Ya mashindano inaweza kufika 2,400 na zaidi. Ungedhani basi ni kuchagua namba, kama kuchagua saizi ya kiatu.

Sivyo. Konveta ileile ukiifunga nyuma ya injini nyingine inakuwa na stoli nyingine. Injini yenye toki kubwa inaisukuma juu, yenye toki ndogo inaiacha chini. Kwa hesabu ya jumla, ukiongeza toki mara mbili, stoli inapanda kwa takriban asilimia 41. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi haiisemi konveta peke yake. Inasema uhusiano wa wawili, na mmoja wao mwandishi wa katalogi hajawahi kumwona. Ni tondozi ya bwana harusi iliyoandikwa kabla bibi harusi hajajulikana.

Hapo nikaacha katalogi, nikamshauri mjomba tutafute anayeuliza kabla ya kusifia. Tukapata karakana ndogo inayotengeneza konveta moja moja kwa oda. Hawakutuma picha ya simba. Walituma fomu.

Nimewahi kufasiri fomu nyingi: za hospitali, za uhamiaji, za bima. Nyingi zinakuuliza ili zikupange kwenye kabati. Hii ilikuuliza kwa sababu jibu lako litageuka chuma. Gari lina uzito gani likiwa tupu? Na likiwa na tela? Tairi zina kimo gani? Difu ina uwiano gani? Tabo ni ya ukubwa upi? Nguvu kwenye magurudumu ni kiasi gani, na je, imepimwa au umekadiria? Asilimia ngapi ya matumizi ni kuvuta mzigo, na ngapi ni mashindano?

Binamu alichukua kalamu kwanza. Penye nguvu akaandika 700.

"Nani kapima?" mjomba akauliza.

"Baba, vifaa kama hivi vinatoa 700. Kila mtu anajua."

"Huyo kila mtu ndiye atakayelipa?"

Kijana akanigeukia. "Dada, mwambie basi." Sikuwa na la kumwambia zaidi ya nililolisoma. Mtengenezaji ataamini tutakachoandika. Tukimwambia 700, atakata na kupinda mapanga ya stata kwa ajili ya injini ya 700, ili stoli iangukie pale tunapopataka. Kama ukweli ni mdogo kuliko hapo, injini haitakuwa na toki ya kuifikisha stoli hiyo. Tabo itachelewa kuamka, gari litaondoka kizembe na moshi mweusi nyuma. Aliyejikweza kwenye fomu anaondoka polepole kuliko aliyesema kweli. Na aliyetia chumvi kwenye asilimia ya mashindano anapata ugonjwa wa upande wa pili: konveta iliyolegea, inayochemsha oili kila tela linapokutana na mlima.

Wakaenda kuipima kwenye mashine. Ilitoa 487. Binamu alirudi kimya, na hakuna aliyemcheka. Alichukua fomu akafuta mwenyewe, akaandika 487, kisha mbele yake akaweka alama ya "imepimwa". Nilimwona akiitazama ile alama kidogo kabla ya kuendelea.

Ikaja zamu ya asilimia. Mjomba akaandika: kuvuta mzigo, 100. Nikadhani tumemaliza. Kijana akasema, "Baba, na wewe andika ukweli."

"Huo ndio ukweli. Hili ni gari la kazi."

"Jumamosi mbili kila mwezi niko uwanjani. Na anayeshika simu kurekodi video ni wewe."

Mjomba alinyamaza. Kwetu tunajua kucheka majigambo. Tuna methali za kutosha kwa debe tupu. Lakini kujishusha nako kunaweza kuwa uongo, tena wenye heshima zake, kwa hiyo hakuna anayekuuliza. Alikuwa amefuta Jumamosi zote za mwanawe kwa namba moja ya kistaarabu, kwa sababu aliamini fomu inapenda watu makini. Akakata ile 100, akaandika 90 na 10. Kwenye kisanduku cha mwisho, kinachouliza kama kuna lolote zaidi, alifikiri kidogo, kisha akaandika kwamba gari lina madereva wawili.

Jibu lilikuja na simu, na swali moja ambalo hatukulitarajia: je, shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi ni ile ya kiwandani? Ni ileile. Basi, wakasema, loki mpya ya sahani tatu itashika, na itakaposhika kwa ghafla, kishindo chote kitaenda kwa shafti. Loki dhaifu ilikuwa inaikinga kwa kuteleza kwake. Ukiimarisha kiungo kimoja, unamkabidhi jirani yake mzigo. Katalogi zilizosifia loki ya sahani tatu zilikuwa zimemsahau jirani huyo. Shafti imara iliongeza gharama, na kwa gharama hiyo ile hela ya kununua mara moja ikaisha.

Walichochagua hatimaye ni stoli ya chini, karibu na 1,900, kifuniko cha chuma cha kuchonga, loki ya sahani tatu na shafti mpya. Kwa mbio za Jumamosi si chaguo la kwanza. Binamu atapoteza sehemu ya sekunde pale mwanzoni mwa mstari, na katika mchezo ule sehemu ya sekunde ndiyo mchezo wenyewe. Alilijua hilo alipokubali. Lakini alisema atajifunza kuifunga loki mapema, gia ya juu ikishaingia, na kwamba shafti haitamsaliti.

Waliifunga wenyewe pamoja na fundi. Kwanza walisafisha kipozea oili na mabomba yake, kwa sababu unga wa chuma wa konveta iliyokufa ukibaki humo unakwenda kuiua mpya. Kisha walimimina oili ndani ya konveta kabla ya kuipandisha. Konveta huingia kwenye giaboksi kwa hatua: unaisukuma huku unaizungusha, inadondoka kidogo kwa mlio, kisha tena. Anayeridhika na mlio wa kwanza akakaza bolti, anapasua pampu. Mjomba aliizungusha, kijana akaweka sikio, akihesabu.

Safari ya kwanza ya Denver walikwenda wote wawili. Nilipata ujumbe wa sauti usiku, na sauti haikuwa ya mjomba. "Dada, tumevuka Raton. Loki imefunga tangu chini mpaka juu, haijafunguka hata mara moja. Baba analala, naendesha mimi."

Katalogi nilizitupa. Nakala ya fomu ninayo bado, na hufika wakati naitoa na kuisoma, hasa pale 700 ilipofutwa na 100 ilipokatwa.